Kipandikizi cha Sikio na Picha ya CT: Jinsi ya Kupata Picha Inayosomeka

Upasuaji wa kupandikiza kifaa cha kusikia ndani ya sikio hufanywa katika hospitali chache kubwa nchini. Baada ya upasuaji, mtoto au mtu mzima aliyepandikizwa hurudi nyumbani na kuendelea na maisha yake: huenda shule, hulima, hufanya biashara na kupanda bodaboda kama wakaazi wengine. Siku akipata ajali, akipooza upande mmoja ghafla, au akishikwa na homa kali na maumivu ya kichwa, si rahisi apelekwe kwanza kule alikopasuliwa. Atafikishwa katika hospitali ya kaunti iliyo karibu, na huenda daktari akaagiza apigwe picha ya CT ya kichwa.

Hapo ndipo kifaa kinapohitaji kufikiriwa. Chuma kilicho ndani yake huchora mistari na vivuli kwenye picha. Vivuli hivyo vinaweza kuficha damu iliyovuja kichwani, au kuonyesha kasoro ambayo haipo. Somo hili linaeleza kwa nini jambo hilo hutokea, wataalamu hufanya nini ili kulipunguza, na jinsi mgonjwa na familia yake wanavyoweza kusaidia. La kukumbuka zaidi ni hili: sehemu kubwa ya kazi ya kupata picha nzuri hufanyika kabla mashine haijaanza kuzunguka, na huanza kwa mgonjwa au jamaa yake kusema, "Ana kifaa ndani ya sikio."

Kifaa chenyewe kikoje

Kipandikizi cha koklea hupewa mtu ambaye usikivu wake umeharibika kiasi kwamba kifaa cha kawaida cha kukuza sauti hakimsaidii vya kutosha. Koklea ni sehemu ya sikio la ndani yenye umbo la gamba la konokono. Imejikunja karibu mizunguko miwili na nusu, na imefichwa ndani ya mfupa mgumu wa kando ya fuvu. Katika sikio zima, koklea hugeuza sauti kuwa ishara za umeme zinazosafiri kwenye neva hadi kwenye ubongo. Kipandikizi hufanya kazi hiyo badala ya sehemu iliyoharibika, kwa kuisisimua neva yenyewe kwa umeme mdogo.

Kifaa hiki kina sehemu mbili. Sehemu ya nje ni prosesa ya sauti, yenye maikrofoni na betri, ambayo mara nyingi huvaliwa nyuma ya sikio. Pamoja nayo kuna kisahani kidogo kinachonata kichwani kwa nguvu ya sumaku na kupeleka mawimbi kupitia ngozi. Sehemu ya ndani ni kipokezi kilicholazwa chini ya ngozi, juu ya mfupa ulio nyuma ya sikio, chenye sumaku yake. Kutoka kwenye kipokezi hutoka uzi mwembamba wenye elektrodi ambao daktari wa upasuaji ameuingiza ndani ya koklea. Idadi ya elektrodi hutegemea aina ya kifaa. Vingi vinavyotumika leo vina kati ya 12 na 22.

Sehemu ya nje huvuliwa na kuvaliwa wakati wowote, kama miwani. Sehemu ya ndani haitoki bila upasuaji. Kwa hivyo mgonjwa anapolala kwenye kitanda cha mashine ya CT, kipokezi, sumaku na elektrodi zimo kichwani mwake, na lazima mtaalamu apige picha zikiwa hapo.

Mashine ya CT huonaje ndani ya kichwa

Mtu wa kwanza kupigwa picha ya CT hospitalini alipigwa London tarehe 1 Oktoba 1971, kwa mashine iliyobuniwa na mhandisi Mwingereza Godfrey Hounsfield. Hesabu za kutengeneza picha kama hiyo zilikuwa zimefanyiwa kazi mapema na Allan Cormack, mwanafizikia mzaliwa wa Johannesburg, ambaye alianza kulifikiria jambo hilo alipokuwa akifanya kazi katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1979. Miaka ya 1970 hiyo hiyo ndiyo iliyoleta vipandikizi vya elektrodi nyingi: mwaka 1978, daktari Graeme Clark alimpandikiza mgonjwa wake wa kwanza mjini Melbourne, Australia.

Ndani ya pete ya mashine ya CT kuna bomba linalotoa mionzi ya eksirei, na upande wa pili kuna vipokea mionzi. Vyote viwili huzunguka kichwa cha mgonjwa. Kila vinapozunguka, mashine hupima ni kiasi gani cha mionzi kimepenya na ni kiasi gani kimezuiwa, kutoka pembe nyingi. Kompyuta hukusanya vipimo hivyo na kuvigeuza kuwa picha za vipande vyembamba vya kichwa, kimoja baada ya kingine, kama mkate uliokatwa slesi.

Kila nukta ya picha hupewa namba kwa kipimo kilichopewa jina la Hounsfield. Maji ni 0. Hewa ni 1,000 chini ya sufuri. Ubongo huwa takriban kati ya 20 na 40. Damu iliyovuja karibuni na kuganda huwa takriban kati ya 50 na 80. Mfupa mgumu hufika 1,000 na kuendelea, na chuma hupita 3,000.

Namba hizi zinaonyesha shida ilipo. Tofauti kati ya ubongo na damu iliyovuja ni makumi machache tu. Mstari wa uongo unaotokana na chuma unaweza kupandisha au kushusha namba za mahali unapopita kwa mamia. Ukipita juu ya damu, damu inaweza kupotea. Ukipita juu ya ubongo ulio salama, unaweza kuonekana kama damu.

Kwa nini chuma huharibu picha

Sababu ya kwanza ni kwamba chuma huzuia mionzi. Mionzi inayopita kwenye sumaku na kipokezi hufika upande wa pili ikiwa kidogo mno, na pengine haifiki kabisa. Kompyuta hukosa habari za eneo hilo, na pengo hilo hujitokeza kwenye picha kama weusi na mistari inayotawanyika kutoka kwenye chuma.

Sababu ya pili ni kwamba boriti ya mionzi ina mchanganyiko wa mionzi dhaifu na mionzi yenye nguvu. Chuma humeza ile dhaifu na kuacha yenye nguvu ipite. Kompyuta imefundishwa kudhani kwamba mchanganyiko haubadiliki, kwa hivyo hukosea hesabu na kuchora utepe mweusi pale ambapo hakuna kitu cheusi.

Sababu ya tatu ni kwamba mionzi mingine hugonga chuma na kuchepuka. Vipokea mionzi huihesabu kana kwamba imekuja moja kwa moja, na picha huchafuka zaidi. Mgonjwa akitikisa kichwa hata kidogo wakati huo, mistari huongezeka, kwa sababu ukingo wa chuma huonekana mahali tofauti katika kila pembe.

Si chuma chochote kinachosumbua kwa kiasi kilekile. Katika orodha ya elementi za kikemia, kalisi iliyo kwenye mfupa ni namba 20. Titani, ambayo hutumika kutengeneza kasha la vipokezi vingi, ni namba 22. Platini ya elektrodi ni namba 78. Namba inavyopanda, ndivyo uwezo wa kuzuia mionzi unavyopanda kwa kasi. Ndiyo sababu uzi mwembamba wa platini, usiozidi unene wa milimita moja au mbili, unaweza kung'aa kwenye picha ukaonekana mnene kuliko ulivyo. Hata hivyo, kwa picha ya ubongo, msumbufu mkubwa ni sumaku iliyo katika kipokezi, kwa kuwa ni kipande kizito kilichokaa kando ya ubongo. Elektrodi husumbua zaidi pale daktari anapotaka kuiona koklea yenyewe.

Kazi ya mtaalamu: picha ya ubongo

Mtaalamu anayepiga picha huanza kwa kujiuliza daktari anatafuta nini. Ikiwa ni damu, kiharusi au uvimbe katika ubongo, lengo lake ni kuufanya mwanga wa chuma uanguke mbali na ubongo iwezekanavyo.

Hatua ya kwanza ni mkao wa kichwa. Mistari ya chuma hutawanyika zaidi ndani ya vipande vile vinavyokatiza chuma. Kichwa kikiinamishwa kidogo, kwa mfano kidevu kikisogezwa kifuani, au pete ya mashine ikilazwa kwa pembe inayofaa, vipande vinavyokutana na kipokezi hupungua, au mistari yake huelekea upande mwingine. Sehemu iliyofichwa katika mkao mmoja inaweza kuonekana katika mkao wa pili. Lakini mgonjwa aliyeumia katika ajali haguswi shingo hadi ithibitishwe kuwa shingo yake haijavunjika. Kwa mgonjwa kama huyo, ni pete inayolazwa, ikiwa mashine inaweza. Kichwa huachwa kilivyo.

Hatua ya pili ni nguvu ya mionzi. Mashine nyingi hupiga picha ya kichwa kwa kilovolti 120. Kukiwa na chuma, mtaalamu anaweza kupandisha hadi 140 ili mionzi mingi zaidi ipenye. Anaweza pia kuongeza wingi wa mionzi. Hatua hizi husaidia kwa kiasi fulani, na zina gharama yake, kama itakavyoelezwa.

Hatua ya tatu ni programu ya kupunguza athari za chuma. Programu hii hutambua vipimo vilivyoharibiwa na chuma, huviondoa na kujaza pengo kwa makadirio kutoka vipimo vya jirani. Husaidia sana, lakini makadirio ni makadirio: wakati mwingine programu hutengeneza vivuli vipya au kufuta kitu cha kweli kilicho karibu na chuma. Kwa hivyo daktari anayesoma picha anapaswa kupewa picha zote mbili, ile ya kawaida na ile iliyosafishwa, azilinganishe.

Mashine nyingine zinaweza kupiga kwa nguvu mbili za mionzi kwa pamoja, kisha kompyuta ikatengeneza picha inayofanana na iliyopigwa kwa mionzi ya nguvu ya juu pekee. Picha hiyo huwa na mistari michache zaidi ya chuma. Aina mpya zaidi, inayohesabu chembe za mionzi moja moja, iliidhinishwa kwa mara ya kwanza nchini Marekani mwaka 2021. Mashine hizo bado si za kawaida katika hospitali nyingi. Mkao mzuri wa kichwa, kuvua vyuma vya nje na kutulia vinawezekana kwenye mashine yoyote, na havigharimu chochote.

Kazi ya mtaalamu: picha ya sikio la ndani

Wakati mwingine anayetazamwa ni kifaa chenyewe. Mgonjwa amelalamika kwamba sauti imepotea au imebadilika, au daktari anataka kujua kama elektrodi zote zimeingia ndani ya koklea na hazijapinda. Hapa mbinu hubadilika.

Mtaalamu hupiga vipande vyembamba sana, vya takriban nusu milimita, na kulenga eneo dogo la sikio peke yake ili nukta za picha ziwe ndogo. Hutumia mtindo wa kuchora picha unaofaa mfupa, unaoonyesha kingo kwa ukali. Kisha, kwenye skrini, hupanua kiwango cha mwangaza ili elektrodi zisionekane kama doa moja jeupe, bali moja moja.

Kuna jambo jingine ambalo husahaulika. Kipimo cha kawaida cha picha huishia takriban 3,000. Kila kitu kilicho juu ya hapo huchorwa kwa weupe uleule, na kingo za elektrodi huungana. Mashine nyingi zina uwezo wa kupanua kipimo hicho hadi takriban 30,000, na hapo elektrodi hupata nafasi ya kutofautishwa. Mtaalamu anahitaji tu kulichagua hilo wakati wa kutengeneza picha.

Programu ya kupunguza athari za chuma, iliyosaidia kwenye ubongo, hapa inaweza kudhuru, kwa kuwa kitu inachojaribu kukifuta ndicho kinachotafutwa. Ndiyo sababu fomu ya kuomba picha inapaswa kueleza swali la daktari waziwazi. "CT ya kichwa" peke yake haitoshi. "CT kutafuta damu, ana kipandikizi sikio la kulia" au "CT kuangalia elektrodi za sikio la kushoto" humwelekeza mtaalamu afuate njia ipi.

Mgonjwa na familia wafanye nini

Kabla ya kuingia chumba cha mashine, mambo yafuatayo husaidia moja kwa moja:

1. Kutoa habari mapema. Mgonjwa au jamaa amweleze daktari, muuguzi na mtaalamu wa picha kwamba kuna kipandikizi, na kiko sikio lipi. Asidhani kwamba aliyeambiwa kwanza amewaambia wengine.

2. Kuonyesha kadi ya kipandikizi. Kadi hii hutolewa baada ya upasuaji na huonyesha kampuni iliyotengeneza kifaa na aina yake. Isipokuwepo, karatasi yenye jina la hospitali na tarehe ya upasuaji itasaidia.

3. Kuleta picha za zamani. Picha iliyopigwa baada ya upasuaji humwezesha daktari kujua kivuli kipi ni cha siku zote na kipi ni kipya.

4. Kuvua sehemu ya nje ya kifaa. Prosesa na kisahani chake vivuliwe, vizimwe na kuwekwa kwenye kijisanduku, kisha vikabidhiwe jamaa. Vikiachwa kichwani huongeza chuma kwenye picha. Ni vifaa vya bei kubwa na ni rahisi kupotea kwenye pilkapilka za hospitali.

5. Kuvua vyuma vingine. Vipuli, klipu za nywele, pini za hijabu, wigi yenye klipu, shanga za chuma kwenye misuko, miwani, meno ya bandia yanayotoka na kifaa cha kusikia cha sikio la pili, vyote viwekwe kando.

6. Kutulia kabisa. Kipimo chenyewe huchukua sekunde au dakika chache. Kichwa kikitikisika, picha italazimika kurudiwa.

7. Mwanamke mwenye mimba, au anayedhani huenda ana mimba, aseme kabla ya kipimo.

Mgonjwa hasikii tena: kubaliana ishara kabla

Prosesa ikishavuliwa, mgonjwa aliyekuwa akizungumza vizuri dakika moja iliyopita huenda asisikie neno hata moja. Mtaalamu huondoka chumbani na kutoa maagizo kupitia kipaza sauti: "Tulia," "Usimeze mate," "Tumemaliza." Kwa mgonjwa huyu maagizo hayo hayafiki. Akiona kitanda kinasogea bila kuambiwa, anaweza kuinua kichwa kutazama, na picha ikaharibika kwa sababu isiyohusu chuma kabisa.

Dawa yake ni rahisi. Maelezo yote yatolewe kabla ya prosesa kuvuliwa. Mtaalamu na mgonjwa wakubaliane ishara: mkono ulioinuliwa nyuma ya kioo maana yake kutulia, kidole gumba maana yake kimekwisha. Maagizo mafupi yanaweza kuandikwa kwenye karatasi kwa herufi kubwa. Kwa anayetumia Lugha ya Ishara ya Kenya, jamaa au mkalimani anayeijua aombwe awe karibu. Mgonjwa arudishiwe prosesa yake mara tu anaposhuka kitandani, kabla ya kuanza kuelezwa jambo lingine lolote.

Ikiwa ni lazima jamaa abaki chumbani na mtoto, avae aproni ya risasi inayozuia mionzi, na asiwe mjamzito.

Watoto

Watoto wengi hupandikizwa wakiwa na umri mdogo, na mtoto mdogo hawezi kuamrishwa atulie. Mtoto mchanga anaweza kunyonyeshwa, akafungwa vizuri kwenye shuka na kupigwa picha akiwa amelala. Aliye mkubwa kidogo anaweza kutulia akionyeshwa mashine mapema na kuachwa na mdoli au blanketi lake, mradi kitu hicho hakina chuma wala hakiko karibu na kichwa. Wengine huhitaji dawa ya usingizi, ambayo hutolewa na mhudumu aliyefunzwa, na mzazi huelezwa tangu mwanzo saa za kutokula na kutokunywa.

Mzazi aelewe pia kwamba mtoto mwenye kipandikizi ana hatari kubwa zaidi ya kupata maambukizi ya utando unaofunika ubongo, ambayo wengi huyaita homa ya uti wa mgongo. Chanjo za kuzuia maambukizi hayo zifuatwe kama daktari alivyoelekeza. Homa kali pamoja na shingo kukakamaa, kutapika au kusinzia kusiko kwa kawaida ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo, na kueleza mlangoni kwamba mtoto ana kipandikizi.

Mionzi kidogo inayotosha

CT ya kichwa humpa mgonjwa takriban milisiveti 2 za mionzi. Kwa kulinganisha, binadamu hupokea kwa wastani takriban milisiveti 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, hewani, katika chakula na angani. Kiasi hicho ni kidogo, na picha inapohitajika kwa kweli, manufaa yake huzidi hatari. Lakini kila picha inayorudiwa huongeza kiasi hicho, na kupandisha nguvu au wingi wa mionzi ili kushinda chuma huongeza pia.

Kwa sababu hiyo mtaalamu hatakiwi kuongeza mionzi bila kikomo. Hutumia kiasi kinachotosha kujibu swali la daktari. Prosesa iliyosahaulika kichwani au klipu iliyobaki kwenye nywele inaweza kusababisha picha ya pili, mionzi ya pili, na pengine malipo ya pili. Matumizi ya mionzi nchini husimamiwa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia ya mwaka 2019, na mgonjwa ana haki ya kuuliza kwa nini anapigwa picha na kwa nini inarudiwa.

CT si MRI

Vipimo hivi viwili huchanganywa mara nyingi. CT hutumia mionzi ya eksirei, nayo haivuti sumaku ya kipandikizi. CT ya uchunguzi haimwumizi mgonjwa kwa sababu ya kipandikizi, na sumaku ya ndani haiondolewi ili apigwe. Tatizo la CT ni usafi wa picha.

MRI hutumia sumaku yenye nguvu sana. Inaweza kuvuta sumaku ya kipandikizi, ikaleta maumivu makali au kuihamisha mahali pake. Vifaa vingine vinaruhusiwa kuingia kwenye MRI kwa masharti, vingine huhitaji sumaku itolewe kwanza. Hakuna anayeweza kuamua bila kujua aina kamili ya kifaa, na hapo kadi ni ya lazima. Prosesa ya nje haiingii kabisa katika chumba cha MRI.

Kusoma ripoti bila kudanganyika

Hata baada ya mbinu zote, huenda sehemu ndogo karibu na kipandikizi ikabaki imefunikwa. Hilo si aibu ya mtaalamu wala kosa la mgonjwa, ila linapaswa kuandikwa. Ripoti nzuri hutaja kwamba kuna kipandikizi, upande gani, na ni sehemu ipi ya ubongo ambayo haikuonekana vizuri.

"Haikuonekana damu" na "hakuna damu" ni maneno mawili tofauti pale ambapo eneo lenyewe limefunikwa. Mgonjwa au jamaa ana haki ya kumuuliza daktari: "Je, sehemu iliyo karibu na kifaa ilionekana vizuri?" Jibu likiwa hapana, daktari ataamua la kufanya: kupiga vipande vichache tena kwa mkao tofauti, kumlaza mgonjwa na kumchunguza kwa karibu, kutumia kipimo kingine, au kumpa rufaa. Dalili za mgonjwa hupewa uzito kuliko picha isiyosomeka. Mtu anayezidi kusinzia baada ya kuanguka harudishwi nyumbani kwa sababu tu picha yenye vivuli haikuonyesha kitu.

Baada ya kipimo, mgonjwa avae prosesa na kusikiliza. Sauti ikiwa tofauti na kawaida yake, aiarifu kliniki inayomhudumia kifaa.

La kufanya kabla ya dharura

Ajali haisubiri mtu atafute karatasi. Familia yenye mtu aliyepandikizwa inashauriwa kuandaa leo karatasi moja yenye mambo matano: jina la mwenye kifaa, sikio lililopandikizwa, kampuni na aina ya kifaa, hospitali na tarehe ya upasuaji, na namba ya simu ya jamaa. Nakala moja ikae na karatasi za matibabu, nyingine kwenye mkoba wa shule au wa kazini, na picha yake ihifadhiwe kwenye simu ya jamaa zaidi ya mmoja.

Mwalimu wa darasa, mhamasishaji wa afya ya jamii anayetembelea boma hilo, na jirani wa karibu waelezwe pia. Wao ndio watakaomfikisha mgonjwa hospitalini asipoweza kujieleza, na neno lao moja mlangoni linaweza kumfanya mtaalamu ageuze kichwa cha mgonjwa kwa nyuzi chache zinazotosha kuionyesha damu mahali ilipo.